Kirabo ana watu tele, upweke wake unatoka wapi?

Katika The First Woman, riwaya ya Jennifer Nansubuga Makumbi ya mwaka 2020 (toleo la Marekani linaitwa A Girl Is a Body of Water, ni kitabu kile kile, usije ukanunua mara mbili), Kirabo ana miaka 12. Ni mwaka 1975, kijijini Nattetta, Uganda, na nyumba ya babu na bibi yake haikosi watu. Hata hivyo mtoto huyu ni mpweke, na wasomaji hawakubaliani kwa nini.

Wapo wanaosema ndivyo alivyoumbwa. Ana nafsi mbili. Moja humtoka, ikaruka juu. Nsuuta, jirani kipofu anayesemwa kuwa mchawi, anamwambia hayo ni mabaki ya hali ya asili ya wanawake. Wanafunzi hulidaka jibu hili upesi kwa kuwa linatamkwa waziwazi na mtu mzima. Hapo ndipo insha nyingi huharibika: kauli ya mhusika inageuzwa kuwa hukumu ya mwandishi. Nsuuta naye ana lake. Anapenda mtoto azidi kuja kwake.

Wengine, nami naegemea huko, wanasema upweke huu umetengenezwa na watu. Chukua penseli, weka alama kila Kirabo anapouliza habari za mama yake, ambaye hamjui, na pembeni uandike nani amemjibu na kwa namna gani. Utakachokuta si chuki. Wanampenda, ila mazungumzo yanageuzwa. Kwa kabila la Waganda (Baganda) mtoto ni wa ukoo wa baba, hivyo msichana kulelewa kwa kina baba si ajabu. Swali lake ndilo linaloonekana ajabu. Akienda kwa Nsuuta kutafuta jibu, anakwenda kwa kificho, bibi yake asijue. Basi mahali pekee anaposikilizwa panamtenga na anayemlea. Kisha Kampala anakuta baba yake, Tom, ana mke na watoto ambao yeye hakuwahi kuambiwa.

Hoja hii ina tundu moja. Kama ukimya ndio ugonjwa wote, Shangazi Abi angekuwa dawa: anampokea, anatimiza kazi ya senga (shangazi anayemfunda msichana) bila kumficha mambo ya mwili wake. Mbona Kirabo bado anamtafuta mama? Wa upande wa kwanza wanapaswa kuanzia hapa, si kwenye kuruka.

Anayejiandaa kuandika asiiruke sehemu ya nne, inayorudi hadi miaka ya 1930, Nsuuta na bibi yake Kirabo, Alikisa, wakiwa wasichana na marafiki. Wengi huipita haraka wakidhani imetoka nje ya hadithi. Ndiyo inayoonyesha kwamba ufa kati ya nyumba hizo mbili ulikuwepo kabla Kirabo hajazaliwa, na kwamba ziara zake za siri zilikuwa zinaukanyaga bila yeye kujua.