Mraibu Akishazinduka, Kazi ya Kitengo cha Dharura Imekwisha?

Aliyezidisha unga, yaani heroini, hapa Mombasa mara nyingi hufikishwa hospitalini kwa tuktuk na wenzake wa maskani, mboni zimesinyaa kama ncha ya sindano na pumzi zinakatika. Akidungwa naloksoni, dawa inayozima nguvu ya heroini, huzinduka baada ya dakika chache. Ubishi huanzia hapo: je, aruhusiwe kwenda zake, au matibabu ya uraibu wenyewe yaanze papo hapo?

Wanaotaka aruhusiwe wana hoja za kusikilizwa. Vitanda havitoshi, majeruhi wa bodaboda wanasubiri sakafuni, naye aliyezinduliwa huamka na arosto kali, mateso ya kukosa unga, akitetemeka, akitapika, aking'oa dripu na kuwatukana wauguzi ambao tayari wamechoka. Isitoshe, methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, haianzishwi kwa pupa: hukaa mwilini zaidi ya siku nzima na kujilimbikiza, hivyo dozi iliyopandishwa haraka katika siku za mwanzo inaweza kuua.

Lakini naloksoni huisha nguvu baada ya dakika 30 hadi 90, na anayeondoka mara tu afumbuapo macho anaweza kuzimika tena barabarani, mbali na mtu wa kumsaidia. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura, na hakikumtenga aliyejidunga mwenyewe. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2015 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale ulionyesha kwamba, kati ya walioanzishiwa buprenofini, dawa nyingine ya kutibu uraibu huo, katika kitengo cha dharura, asilimia 78 walikuwa kwenye matibabu siku ya 30, ilhali kwa waliopewa rufaa tu ni asilimia 37. Mazingira yetu ni tofauti, tena buprenofini ikitolewa kabla arosto haijaanza huileta kwa kishindo. Hata hivyo pengo hilo ni kubwa mno kupuuzwa.

Kwa maoni yangu, methadoni ibaki kliniki, ambako mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Kitengo cha dharura kimtulize arosto, kimwangalie kwa saa kadhaa, kisha kimkabidhi mkononi mwa mtu. Karatasi ya rufaa anayopewa saa tisa za usiku haimfikishi kliniki ya Kisauni, ng'ambo ya daraja la Nyali, kwa sababu kukicha arosto itakuwa imemrudisha maskani. Mwelimishaji rika aliyewahi kutumia unga naye akaacha, akiwa zamu ya usiku, anaweza kukaa naye hadi alfajiri na kupanda naye matatu. Posho yake na nauli hiyo ndivyo vitu ambavyo bajeti ya afya ya kaunti inapaswa kuvitaja waziwazi.