Nyumba ya mchimbaji kule Gympie na duara la baba yangu

Mimi ni mtoto wa Geita. Baba yangu alishuka duarani, yaani shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, miaka kumi na minne, na siku matimba, magogo yanayoshikilia shimo, yalipoachia, kifusi kikamvunja mguu, mwenye duara alimpa nauli ya kwenda hospitali. Basi, ikaishia hapo. Leo naishi Brisbane, Australia, napanga mizigo ghalani. Mwaka wangu wa tatu huku niliumia mgongo kazini. Nilikaa nyumbani wiki saba na pesa ziliendelea kuingia, kwa sababu sheria inataka hivyo. Watu wa nyumbani wakiniuliza tofauti ya huku na huko, wanangoja niseme barabara au umeme. Mimi huwatajia wiki zile saba.

Nilianza kuuliza ni watu gani waliofanya neno la kibarua likawa na uzito katika nchi hii. Ndipo nikalisikia jina la Andrew Fisher. Alizaliwa mwaka 1862 Crosshouse, kijiji cha makaa ya mawe Uskoti, akaingia mgodini angali mtoto wa miaka kama kumi. Alipofika 17, wachimbaji wenzake walimchagua kuwa katibu wa tawi la chama chao. Mgomo wa 1881 ulimponza, na milango ya migodi ikaanza kufungwa mbele yake. Mwaka 1885 akapanda meli na ndugu yake kuja huku Queensland, Australia: akachimba makaa Burrum, kisha 1888 akahamia kwenye dhahabu ya Gympie. Huko nako, mgomo wa 1890 ukamtoa kazini. Akapata cheti cha kuendesha mashine ya kushusha na kupandisha watu shimoni, na mwaka 1893 watu wa Gympie wakampeleka kwenye bunge la Queensland. Mwaka 1908 akawa Waziri Mkuu wa Australia, cheo alichokishika mara tatu.

Gympie iko kama saa mbili kwa gari kutoka kwangu, nikaenda. Nyumba yake, ya mbao, imehifadhiwa kwenye makumbusho ya wachimbaji. Nilisimama pale muda mrefu nikimfikiria baba. Naye alikuwa na akili za kutosha kuongoza watu. Kwenye duara lao yeye ndiye aliyesuluhisha ugomvi wa mgao. Lakini Fisher alikuwa na chama kilichomwinua, na Bunge la Australia nzima lilipoanza mwaka 1901 mbunge alilipwa pauni 400 kwa mwaka, hivyo mtu asiye na mali aliweza kuiacha kazi yake na watoto wakala. Kwetu, anayetaka ubunge huanza kwa kutafuta hela za fulana na ubwabwa.

Ila sitaki kumpamba mtu huyu. Chama chake cha siasa, Labor, kilisimama imara kutetea Australia ya weupe peke yao. Sheria ya pensheni ya 1908 iliwanyima wazee wengi wasio weupe, na ndani yake wenyeji wa Afrika wametajwa kwa jina la bara letu. Serikali ya Fisher ilipoanza kuwalipa pensheni walemavu mwaka 1910, ubaguzi huo ulibaki palepale. Mwaka 1912 akaleta pauni tano kwa kila mama aliyejifungua, isipokuwa Mwasia, mwenyeji asilia wa Australia na watu wa visiwa vya Pasifiki. Mwanamume aliyejua uchungu wa kufungiwa mlango alisaidia kuufunga kwa wengine. Hilo linaniuma, na wenzangu wa huku wanaomsifu nawaambia wazi.

Wengine husema kwetu mambo haya hayawezekani. Si kweli. Rashidi Kawawa alitoka kwenye Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika akawa Waziri Mkuu mwaka 1962. Tom Mboya alipanda kwa ngazi hiyohiyo kule Kenya. Njia ilikuwepo. Mwaka 1964 vyama vyetu vya wafanyakazi vilikusanywa kuwa kimoja, NUTA, chini ya mkono wa serikali, na kwa maoni yangu hapo ndipo ngazi ilipoondolewa ukutani. Tulizoea chama kinachoshusha maagizo, tukasahau kile kinachopandisha malalamiko.

Na umoja hatujaukosa hata kidogo. Miezi sita aliyolala baba, wenzake walimtengea kiroba chake cha mawe ya dhahabu kila mgao. Walikuja na unga, wakakaa naye hadi usiku. Huku nilipoumia pesa iliingia, lakini katika wiki zote saba walinitembelea watu wawili tu. Ningeambiwa nichague wenzangu wa kazi, ningewachukua wale wa duara la baba. Kinachonisikitisha ni kwamba umoja wao haukuwahi kutoka pale machimboni. Haukufika hata ofisi ya wilaya, seuze Dodoma.

Juzi mdogo wangu alinipigia. Naye anashuka, maana mashamba tulishauza. Wenzake wamemchagua kuwa katibu wa kikundi chao, na jambo la kwanza analotaka ni kila anayeshuka aandikwe: jina lake, saa aliyoingia, na ndugu wa kupigiwa simu. Mwenye duara hajafurahi. Nimemtumia hela ya daftari, na nyingine kidogo ya kumfikisha mjini akaulize kikundi kinasajiliwa vipi.