Watu Wema wa Ireland: walinzi wa maboma au chanzo cha balaa?

Mwaka 1999 mradi wa barabara katika jimbo la Clare, magharibi mwa Ireland, ulikwama kwa mti mmoja wa miiba pale Latoon. Msimulizi wa ngano Eddie Lenihan alionya hadharani kwamba hapo ndipo viumbe wa ngano wasioonekana wa Munster, eneo la kusini, wale ambao wenyeji kwa tahadhari huwaita Watu Wema, hukutana kabla ya kwenda kupigana na wenzao wa Connacht, eneo la magharibi. Mti ukikatwa, alisema, ajali hazitaisha. Ramani ikarekebishwa, mti ukabaki.

Wanaocheka wasisahau maboma. Wakulima wa kale waliyajenga, mengi kati ya mwaka 500 na 1000: tuta la udongo la duara, handaki kwa nje, kipenyo mara nyingi mita 20 hadi 50. Yanayojulikana yanapita 40,000. Watu walipohama, ikasemwa Watu Wema wamehamia: usilime ndani, usikate mti, usichukue jiwe. Sheria ya 1994 ilidai taarifa ya maandishi miezi 2 kabla ya kazi yoyote kwenye boma lililosajiliwa. Vizuri, lakini buldoza halihitaji miezi 2. Mwiko ulikuwa shambani usiku na mchana, bila mshahara.

Ila mwiko unamfunga anayeuamini tu. Mwaka 2002 mtu asiyejulikana aliukata matawi mti wa Latoon kwa msumeno wa injini; bahati nzuri ukachipua tena.

Kuna ubaya mkubwa zaidi. Mwaka 1895, huko Ballyvadlea, jimbo la Tipperary, Bridget Cleary aliugua. Mumewe, Michael, akashikilia kwamba mkewe kachukuliwa na Watu Wema, na kwamba aliyelala kitandani ni kiumbe aliyewekwa badala yake. Yeye na jamaa wakamlazimisha Bridget kunywa dawa za mitishamba, wakamhoji jina lake, mwishowe akachomwa moto. Kisha Michael akakesha kwenye boma la Kylenagranagh akingoja mkewe halisi atokee juu ya farasi. Alifungwa kwa kuua bila kukusudia. Kwa hiyo boma lilelile ambalo mwiko ulilihifadhi ndilo lililompa muuaji kisingizio.

Kwa maoni yetu, mpaka uwe hapo: mwiko juu ya tuta na mti hauna mwathirika, juu ya mgonjwa unaye. Na hata kwenye tuta, mwiko usichukue nafasi ya vipimo. Mwaka 2017 mbunge Danny Healy-Rae alipoyahusisha maboma na barabara ya N22 iliyobonyea katika jimbo la Kerry, halmashauri ilitaja tatizo la udongo wa chini. Hilo hutibiwa kwa kupima na kuimarisha msingi.