Mayai Yako Unayapenda Vipi?

Saa hizi ni saa tisa alasiri, nimetoka mgahawani na familia nzima, na nina njaa. Msinicheke kwanza.

Mgahawa wenyewe ni mpya, hapa hapa mtaani. Tangu wabandike lile bango la "Branchi ya Familia Kila Jumapili", nyumbani kwangu hakuna amani. Mama watoto alianzia mbali: "Majirani wote wameshaenda." Majirani gani? Hao hao wanaokuja kuniazima ngazi! Lakini nikaona upepo unakovuma, nikajisafisha koo, nikatangaza mbele ya kaya kwamba Jumapili nitawatoa, kama vile wazo ni langu. Mama mkwe, aliyekuja kutusalimia kwa siku mbili wiki ya tatu hii, akasema na yeye atasogea.

Masharti ya branchi mnayajua: asubuhi hugusi kitu, "utaharibu nafasi". Nilishika tu mlango wa kabati la mkate nikafukuzwa kama paka. Nilisoma mahali kwamba neno hilo la branchi aliliandikia makala Mwingereza mmoja, Guy Beringer, mwaka 1895, akiwatetea waliokesha kwenye starehe Jumamosi: waachwe walale, waamke waunganishe kifungua kinywa na chakula cha mchana. Ni hoja nzuri. Ila mimi Jumamosi usiku nilikuwa nimepiga magoti natafuta soksi ya mtoto ya mguu wa kulia. Uchovu wa walevi wa 1895 unanihusu nini?

Tulifika saa nne na nusu, tukaambiwa tusubiri "kidogo". Muziki ulikuwa wa kusikika hadi kwenye meno. Meza ilitikisika kila mama mkwe alipoweka kiwiko. Kitindamimba aliangusha uma mara tatu kabla hata hatujakaa sawasawa.

Nikakunja mikono kwa heshima zangu zote, nikaomba menyu.

"Mzee wangu, menyu iko kwenye simu," kijana akasema.

"Simu ya nani?"

"Yako, mzee."

"Menyu yenu imeingiaje kwenye simu yangu?"

Akanionyesha mraba wenye madoadoa meusi uliobandikwa mezani, ile QR. Nikamweleza kwa utaratibu kwamba kitu hicho kilibuniwa Japani mwaka 1994 ili kiwandani wajue kipuri gani cha gari kiko wapi, na mimi nimekuja kula. Akatabasamu. Vijana hawa wamefundishwa kutabasamu, huwezi kugombana nao.

Nikatoa simu. Simu ikasema nafasi imejaa, nifute picha kwanza. Basi nikaanza kufuta, mashahidi wote shingo juu.

"Hiyo si yangu ya siku ya harusi?" mama mkwe akauliza.

"Hapana mama, ilikuwa na giza kidogo."

"Giza liko wapi?"

Menyu ikafunguka, herufi kama sisimizi. Mtoto wa kati akanisomea: "Mayai yaliyopumzika juu ya kitanda cha mboga za majani." Mayai yana kitanda! Mimi ninayeyalipia nimekaa kwenye kistuli kisicho na mgongo.

"Nipe hayo," nikasema.

"Mayai yako unayapenda vipi, mzee?"

"Yaliyoiva."

"Ya macho, ya kuvuruga, ya kuchemsha, au ya kutumbukiza?"

"Ya kutumbukiza ndiyo yapi?"

"Tunayavunja, tunayatumbukiza kwenye maji ya moto bila ganda."

"Yamekosa nini?"

Hakucheka. Akaendelea: kiini kiwe laini, cha katikati au kigumu? Mkate mweupe au wa ngano isiyokobolewa? Umebanikwa au haujabanikwa? Siagi juu au pembeni? Maziwa ya kwenye kahawa ni ya ng'ombe, ya soya au ya lozi? Nikasema lozi zinakamuliwa wapi. Mama watoto akanikanyaga chini ya meza. Meza ikatikisika.

"Kijana," nikamwambia, "siku naposa kwa huyu mama unayemwona hapa, sikuulizwa maswali mengi namna hii."

"Tulikosea," mama mkwe akasema, akainamia maji yake.

Lakini nikajikaza. Nikajibu yote, moja baada ya jingine, kama niko mahakamani: ya kuvuruga, mweupe, umebanikwa, pembeni, ng'ombe. Kijana akaitikia kwa kichwa kila jibu. Nilipomaliza nikaegemea nyuma, nikakumbuka kistuli hakina mgongo, nikashika meza.

"Vizuri sana mzee," akasema. "Sasa uyajaze hayo yote kwenye simu, kisha ubonyeze tuma. Sisi hatuandiki."

Hapo ndipo sauti ilinitoka. Nilisema nataka yai. Yai! Kitu kinachotoka kwa kuku! Kuku hana simu! Mgahawa mzima ukageuka, na binti yangu mkubwa, yule aliyefikia umri wa kutonifahamu hadharani, akasogeza kistuli chake kuelekea meza ya jirani. Nikatazama simu. Ilikuwa imezima.

Binti akatoa yake bila kunitazama, akabonyeza kwa nusu dakika, akaagizia watu wote. Sahani zikaja. Nikahesabu. Nikahesabu tena.

"Na ya kwangu?"

"Si ulikuwa unaagiza wewe muda wote ule, baba? Nilijua umemaliza."

Kuagiza upya kungetaka mpishi aanze foleni nyingine, na watoto walikuwa wameshamaliza nusu. Nimekula kingo za mkate walizozikataa, na kipande cha nyanya alichonisogezea mama mkwe kwa huruma iliyonichoma kuliko lile neno lake. Bili ikaja kwenye karatasi. Karatasi ndefu, nzuri, imechapwa vizuri. Kumbe karatasi wanazo!

Nililipa, nikaikunja mara nne, nikaiweka chini ya mguu wa meza ili wanaofuata wakae kwa amani.

Na hili la meza linaniudhi kuliko mayai. Stuli ya miguu mitatu haitikisiki hata uiweke kwenye mawe, kila mguu unapata pa kukanyaga. Sisi tunang'ang'ania minne. Wataalamu wa hesabu wanasema meza ya mraba, miguu ikiwa sawa, tatizo likiwa ni sakafu tu, ukiizungusha hata robo mzunguko haifiki, itapata mahali pa kutulia. Nimerudi nimejaribu na ya jikoni kwetu, ile ninayoahidi kuitengeneza tangu huyu wa kati hajaanza shule. Ni kweli, imetulia kabisa. Ila ilipotulia imeziba mlango wa kabati la mkate, na mama mkwe ameshaweka kiwiko, anasema isiguswe.