Pai ya Kamba Koche: Ile Rojo ya Kijani Iache

Mapishi mengi ya zamani ya pai ya kamba koche kutoka jimbo la Maine, Marekani, yanakutaka uchanganye tomali kwenye chenga za biskuti zinazofunika nyama. Tomali ni ile rojo ya kijani unayoikuta kifuani ukimpasua kamba aliyechemshwa. Wapo wanaoipenda kuliko nyama yenyewe, na kweli ina ladha nzito ya bahari. Hata hivyo mimi siitii, na nakusihi nawe usiitie.

Rojo hiyo ndiyo ini na kongosho la kamba, vyote katika kiungo kimoja, na sumu anayokula hukusanyika humo. Mwani wenye sumu ukizidi baharini, kome na chaza huubeba, kisha kamba akawala. Julai 2008 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya watu wasile tomali ya kamba hawa, popote walikovuliwa. Sumu ile haiondoki kwa moto. Chemsha, oka, iko palepale. Nyama nyeupe ya mkia na magando haina shida hiyo.

Mayai ni jambo jingine, na onyo lile halikuyagusa. Ndani ya jike huwa meusi yenye ukijani yakiwa mabichi, yakiiva yanakuwa mekundu. Yaponde na siagi, pai ipate rangi na utamu. Jike aliyebeba mayai chini ya mkia hutamwona sokoni: sheria inamtaka mvuvi wa Maine amrudishe baharini, na kabla ya hapo humkata alama ya V kwenye pezi la mkia.

Ladha nzito itafute kwenye maganda. Yakaange kwa siagi, tia maji kidogo, yachemke mpaka mchuzi uwe mzito, uchuje. Wenyeji wa Maine huongeza sheri, mvinyo wa Kihispania. Asiyetumia kilevi akamulie ndimu. Loweka chenga za biskuti za Ritz kwa mchuzi huo na siagi, funika vipande vikubwa vya nyama iliyoiva nusu, uoke mpaka juu pawe hudhurungi tu. Ukizidisha, nyama inakuwa mpira.

Kwa wenzetu wa Kongo, Rwanda na Burundi mnaoishi Portland, mji wa Maine, na kupikia watoto: serikali ya Kanada inashauri watoto wasile tomali kabisa. Mapishi yakiitaja, ifuteni, muandike mchuzi wa maganda.