Waziri Akishaamua, Maoni Yetu ni ya Nini?

Waraka ambao serikali ya Uingereza iliutoa Desemba 2024, wa kufuta mfumo wa ngazi mbili, ya kaunti na ya wilaya zilizo ndani yake, uliosalia England na kuweka halmashauri moja moja zenye wakazi kuanzia 500,000 hivi, unajinadi kuwa ni wa kupeleka madaraka kwa wananchi. Kila nikisikia maneno hayo yakirudiwa redioni napandwa na hasira, kwa sababu sisi tunaoishi Somerset, kusini-magharibi mwa England, tulikwisha pitishwa njia hiyo, na tunajua mwananchi aliachwa wapi.

Sheria ya serikali za mitaa ya 2007 inamruhusu waziri kuzialika halmashauri zilete mapendekezo. Kisha yeye huchagua analolitaka, hulirekebisha au hulitupa, na Bunge hupitisha amri. Huku kwetu halmashauri ya kaunti ilipendekeza halmashauri moja kwa eneo lote, na zile nne za wilaya zikataka mbili, ya mashariki na ya magharibi. Mwaka 2021 wilaya zikawauliza wakazi wenyewe kwa kura, na karibu thuluthi mbili ya waliopiga wakasema mbili. Mwezi Julai waziri wa wakati huo, Robert Jenrick, akachagua moja.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba waliojitokeza walikuwa wachache na kwamba kura ile haikuwa na nguvu ya kisheria. Lakini hapo ndipo penye ubaya wenyewe. Halmashauri ikitaka kupandisha kodi kupita kiwango kilichowekwa, sheria inailazimisha kuitisha kura ya maoni. Sheria ya serikali za mitaa ya 2000 iliwapa asilimia 5 ya wapiga kura uwezo wa kudai kura ya kuamua kama wanataka meya wa kuchaguliwa na wananchi badala ya kiongozi anayechaguliwa na madiwani. Kwa hiyo naweza kuulizwa juu ya nyongeza ya kodi na juu ya nani akae kwenye kiti cha mbele, ila halmashauri nzima inapofutwa, pamoja na madiwani niliowachagua, jibu langu halimfungi mtu yeyote. Waulizeni watu wa Christchurch, mji wa pwani ya kusini, ambao Desemba 2017 asilimia 84 ya waliopiga kura walikataa halmashauri yao kuunganishwa na za miji jirani ya Bournemouth na Poole. Tarehe 1 Aprili 2019 waliunganishwa.

Siku hiyo hiyo, huku kwetu, ilizaliwa Somerset West and Taunton kwa kuunganisha wilaya mbili. Miaka minne baadaye nayo ikafutwa. Nadhani hata mihuri yake haikuwa imechakaa.

Halmashauri mpya moja ya Somerset nzima ilianza kazi tarehe 1 Aprili 2023, ikiwa na madiwani 110 waliochaguliwa Mei 2022, ambao humchagua kiongozi, naye huteua kabineti isiyozidi watu kumi pamoja naye. Uzuri wake upo: zamani takataka zilikuwa za wilaya na barabara za kaunti, na leo angalau mlango wa kubisha ni mmoja.

Lakini tuliahidiwa kuokoa mamilioni. Novemba 2023, kabla hata mwaka haujaisha, halmashauri ikatangaza hali ya dharura ya fedha, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya gharama za kutunza wazee na watoto, gharama ambazo hazipungui kwa kubadilisha bango mlangoni. Ndipo vyoo vya umma na bustani vikaanza kukabidhiwa halmashauri ndogo za miji, zilizo chini ya ile kubwa, ikiwamo ya Taunton, ambayo yenyewe iliundwa mwaka huo huo. Angalieni bili ya kodi, ule mstari mdogo wa mji ulio chini ya mistari ya polisi na zimamoto: kiwango kinachoibana halmashauri kubwa hakiuhusu mstari huo, na mzigo ukishateremshwa pale hakuna kura ya maoni inayodaiwa. Ujanja wa kupendeza kweli.

Sasa ni zamu ya Surrey, kaunti iliyo jirani na London. Wilaya nyingi za kule zilitaka halmashauri tatu, na Oktoba 2025 serikali ikatangaza mbili. Wakazi walipangiwa kuchagua madiwani wa hizo mbili Mei 2026. Kuhusu ziwe ngapi, waliombwa kutoa maoni tu.