Metali ya Kamukunji Imehamia Sebuleni Kwangu

Jamani, mimi ni mtu wa rumba. Jumamosi nikitoka kazini nataka chai yangu, kiti changu, na gitaa linalobembeleza. Sasa juzi nafungua mlango, nakuta vikombe vya kabati la mama watoto vinacheza vyenyewe, na ndani ya spika kuna mtu anapiga mayowe kama aliyebanwa kidole na mlango wa matatu. Keateka, yule mwangalizi wa jengo, ameshafika. "Mzee, kuna mgonjwa?" Jirani wa ghorofa ya juu naye huyo, anashuka na chupa ya mafuta ya upako.

Hakuna mgonjwa. Ni kijana wangu, anasikiliza "albamu ya siasa".

Siasa gani isiyosikika hata neno moja? Siasa niliyoizoea mimi, mheshimiwa akiahidi barabara unamsikia vizuri mno. Barabara ndiyo huioni.

Akaniambia, tena kwa kupaza sauti, kwamba huu ni muziki wa metali, na kwamba kuna ile nyeusi kabisa ya Norway ya miaka ya 1990, ya vijana wanaojipaka nyuso zikafanana na za maiti. Sawa, wale baridi imewaingia kichwani. Wewe wa mtaa wa Umoja, hapa Nairobi, una kisingizio gani? Na kama ni metali unataka, si uende Kamukunji! Pale mafundi wa jua kali wanagonga mabati bure kutwa nzima, na siasa iko hapo hapo uwanjani tangu Saba Saba ya 1990, yale maandamano ya kudai vyama vingi.

Kumbe mwenye mayowe ni Mkenya mwenzetu. Anajiita Lord Spikeheart. Mwanzoni walikuwa wawili, kundi lao likiitwa Duma, wakatoa albamu 2020 kupitia lebo ya Kampala. Mimi nikadhani ni duma yule wa mbugani, nikasema angalau wana mbio. Wapi! Eti ni giza, kwa Kikuyu. (Mimi Kikuyu changu kinaishia kwa nduma, ile ya kula na chai.) Mwaka 2024 ndipo akatoa albamu yake ya kwanza akiwa peke yake, The Adept, na ndani yake kuna Mau Mau.

"Baba, Muthoni wa Kirima ni nyanya wa mzazi wa huyu Spikeheart."

Hapo nikaweka kikombe chini. Muthoni wa Kirima, Fildi Mashali wa Mau Mau, mwanamke wa pekee kufika cheo hicho msituni! Na ubaya ni kwamba wiki nzima nilikuwa nikimwambia kijana akanyoe hizo rasta. Akanitazama tu. Yule mama alitoka msituni 1963 na rasta zake, asizikate mpaka 2022. Sasa nitamwambia nini? Nianze kutetea kinyozi mbele ya Mau Mau?

Nikakaa. Nikasikiliza wimbo mmoja. Ukweli usemwe, kuna mahali fulani katikati yale mayowe yalifanana kabisa na ninavyojisikia nikisoma bei ya sukari.

Nikamwambia aongeze sauti kidogo. Kidogo tu. Tokeni ya umeme ikaisha pale pale, nyumba nzima kimya.

"Sasa hii ndiyo duma," akasema gizani.

Nikamwambia anunue nyingine. Akasema simu yenye pesa ni yangu.